Kabla Ntumbila Haijawa Pori

Kalumbi, Jumapili, 2 Juni 1974

Daftari hili nimepewa na mratibu wa elimu ya watu wazima ili niandike mahudhurio ya darasa langu la kisomo. Wanafunzi wangu ni kumi na mmoja, na mahudhurio yao yanatosha kwenye ukurasa mmoja kwa mwezi. Kurasa zinazobaki nimeamua ni zangu.

Naitwa Marsela. Nilizaliwa Kibaoni, kwa Wapimbwe, nikasoma kwa masista mpaka darasa la saba. Mwaka wa 1971 niliolewa hapa Kalumbi, huku Ugalla, na Melkior, mrina asali. Ni mtu mzuri, ila nusu ya mwaka yuko porini na mizinga yake.

Nyumbani sasa hivi wanapiga mpunga. Najua hata walivyosimama: mama upande unakotoka upepo, shangazi upande wa pili, makapi yanawaingia kwenye nywele na hakuna anayejali. Baba analalamika kwamba viboko wamekanyaga kona ya shamba. Huku hakuna mpunga. Huku kuna miti, na baada ya miti kuna miti.

Naishi na mama mkwe wangu, Verdiana. Namwita Mayu, kama wanavyoita mama huku. Miaka mitatu tunapika jiko moja na sijui kama ananipenda. Akinihitaji anasema, "Wewe wa Kibaoni, lete maji." Naleta.

6 Juni

Baridi. Wamekuja wanafunzi wanne, wote wamejifunika mablanketi.

Jumapili, 9 Juni

Leo baada ya sala kulikuwa na mkutano. Katibu kata alikuja kwa baiskeli, kijana mpole, shati limemlowa mgongoni. Alisema nyumba zote za huku ndani zitahamia barabarani kabla ya mvua. Huko kutakuwa na shule, zahanati na bomba. Lori la kubeba vyombo litakuja mwishoni mwa Oktoba. Watu waliuliza habari za mihogo iliyo ardhini na kuku wanaotaga. Aliwajibu vizuri, bila kufoka.

Kisha Mayu akasimama. Sijawahi kumwona akisimama mkutanoni.

"Mlishanihamisha mara moja," alisema. "Hii ya pili nimekosa nini?"

Katibu alitazama karatasi zake kama vile jibu lingekuwa humo. "Serikali hii haijakuhamisha popote, mama. Labda ni wakoloni."

"Mimi sijui ni nani. Najua miguu yangu ilivyovimba."

Watu walicheka. Yeye alijitanda khanga akaondoka kabla mkutano haujafungwa.

10 Juni

Nimemuuliza Melkior mama yake alihamishwa kutoka wapi. Amesema, "Mahali panaitwa Ntumbila. Zamani, wakati wa malale. Huwa hasemi." Nikamuuliza panapatikana wapi. Akanyoosha mkono kuelekea mtoni, kuelekea kote. "Huko. Kumeshakuwa pori."

23 Juni

Melkior anatengeneza mizinga ya magome kwa ajili ya safari ya Septemba. Leo, akiwa amekaa kula, Mayu alimwambia, "Ukienda kurina unipeleke Ntumbila."

Tonge likasimama mkononi. "Mama, ni mwendo wa siku tatu. Kuna mbung'o, kuna tembo. Na hiyo Ntumbila hata siijui ilipo."

"Nitakuonyesha mimi."

"Haiwezekani."

Mayu akarudi jikoni. Mimi nilidhani yameisha.

24 Juni

Ameomba tena.

29 Juni

Ameomba tena. Melkior siku hizi anakula kwa jirani.

7 Julai

Moshi kila upande, watu wanachoma majani makavu. Nafikiri Mayu anatafuta tu sababu ya kugoma kuhama. Ni mkaidi. Nimemwandikia mama barua Kibaoni, nikamwambia niko salama na chakula kipo. Sikuandika kwamba nikifumba macho nasikia harufu ya matope ya shamba letu.

14 Julai

Leo mtoto wangu Helena angetimiza miezi sita. Aliishi wiki saba. Yuko chini ya mninga, hatua ishirini kutoka mlangoni, na kila asubuhi nikienda kuteka maji napita hapo nasema "umeamkaje." Hakuna anayejua kwamba nasema.

Leo ndipo lilipoingia akilini jambo ambalo katibu alilisema mwezi mzima uliopita. Tunahama. Yeye hahami.

Jumapili, 21 Julai

Lazima niandike yote leo, kabla sijaanza kuyasahau au kuyapamba.

Tulikuwa tunamenya mihogo, mimi na Mayu, migongo yetu juani. Nilichoka kunyamaza nikauliza, "Mayu, huko Ntumbila kuna nini?"

Alimenya muhogo mzima kwanza. "Unajua kwa nini huko wako mbung'o na watu hawako?"

"Kwa sababu ni pori."

"Si pori. Kulikuwa na nyumba zaidi ya arobaini. Tulilima mtama mpaka ukingo wa mto. Usiku unasikia ngoma ya jirani, unajua ni ya nani."

Akasema malale yalianza mbali, watu wakayasikia kama habari ya watu wengine, halafu yakafika. Wazungu wakaja na meza. Wakawapanga mstari na kuwashika shingo, hapa nyuma, wakitafuta vinundu. Mwenye vinundu anatolewa damu, anawekwa upande.

"Mama yangu hawakuwa na haja ya kumshika shingo. Alikuwa analala na tonge mdomoni. Mimi ndiye nilikuwa namwamsha amalize kutafuna."

Halafu amri ikaja: watu wote watoke, nchi ibaki tupu, mbung'o akose mtu wa kumuuma. Wakusanywe mahali pamoja, mbali, miti ikatwe kuwazunguka. Wagonjwa wabebwe mpaka kwenye kambi ya dawa. Baba yake akatengeneza machela ya mianzi. Siku moja kabla ya safari, mama yake hakuamka kabisa.

"Tukamzika alasiri nyuma ya nyumba. Asubuhi baba akaambiwa aichome nyumba yake kwa mkono wake, asije mtu akatamani kurudi. Akaichoma. Nilitembea siku tano, moto ule nausikia mgongoni."

"Ulikuwa na umri gani?"

"Meno ya mbele yalikuwa yameshaota upya."

"Ulimlilia?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kijinga, kisha akaona si cha kijinga. "Saa ngapi? Tulikuwa tunahesabiwa."

Shuleni kwa masista kulikuwa na ramani. Sehemu hii ilikuwa kijani tupu, bila jina hata moja, na mimi nilidhani imekuwa hivyo tangu Mungu alipoumba miti. Kumbe pori hili lina umri mdogo kuliko mama mkwe wangu.

Nilimwita mkaidi juu hapo, tarehe saba. Sitakata maneno hayo. Yabaki, yanisute.

22 Julai

Leo ni mimi niliyemwomba Melkior ampeleke. Amesema, "Na wewe?"

4 Agosti

Jua limeanza kuwa kali. Wanafunzi wangu sasa wanaandika majina yao. Nimemwita Mayu aje darasani, amesema kalamu ni nyepesi mno, inamponyoka.

Jumanne, 13 Agosti

Amekuja Bwana Nyuki, Fabiani, afisa wa serikali wa mambo ya asali, kuandika vibali vya kuingia hifadhini. Alikaa barazani kwetu, nikampa uji. Alicheka alipoona kitenge changu cha bluu.

"Ukiingia porini na nguo hiyo, shemeji, mbung'o watakushukuru. Wanapenda bluu na nyeusi kuliko rangi yoyote. Na wanapenda kitu kinachotembea. Ukisimama tuli wanaweza kukupita wakamfuata mwenzako."

"Nyeupe je?"

"Afadhali nyeupe. Lakini wewe unaingia wapi?"

Melkior alikuwa ameenda kuchuna magome. Nikaona nikisubiri nitakosa. Nikamweleza habari za Mayu, zote, kama nilivyoziandika humu. Alisikiliza mpaka uji ukapoa.

"Mimi nina miaka sita katika kazi hii," alisema. "Nimewahi kukuta vigae vya vyungu katikati ya pori, nikajiuliza nani alibeba chungu mpaka huku. Ntumbila haimo katika ramani yetu."

"Andika majina yetu kwenye kibali."

"Shemeji, kambi za warina asali hazina wanawake. Hata Melkior mwenyewe atakataa."

"Kibali kinasema wanaume?"

Alikisoma. Akakigeuza, akasoma nyuma. "Kinasema mrina na wasaidizi wawili."

"Basi."

Alinitazama, akacheka peke yake, akaandika: Verdiana, Marsela.

15 Agosti

Melkior amekiona kibali. "Umenizunguka," amesema. Tangu asubuhi hilo ndilo neno lake pekee.

19 Agosti

Siku ya nne bila kuongea. Jioni alikaa karibu yangu akikaza kamba za mzinga, akasema bila kuniangalia, "Akifia huko, nitamzika wapi? Hata njia ya kumrudisha hakuna." Kumbe hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu tangu Juni. Mimi nilidhani mwanaume anayelala porini kati ya fisi hana hofu.

Nikamwambia tutakwenda polepole. Akasema, "Atakaa kwenye baiskeli. Na hicho kitenge chako cha bluu ukiache."

Jumatatu, 2 Septemba

Tumeondoka. Mayu kwenye kerieri ya baiskeli, amefungiwa mto wa nyasi chini yake. Melkior anasukuma. Mimi nyuma na chungu na unga. Wote tumevaa shuka nyeupe kama wafu. Mbung'o wametuuma hivyo hivyo.

3 Septemba

Leo tumeongozwa na ndege. Nilikuwa nikisikia habari hii nikidhani ni maneno ya warina asali.

Ni mdogo, wa kijivu, hana uzuri wowote. Alikuja kwenye tawi juu yetu akapiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa. Melkior akamjibu kwa mluzi. Akaruka mti wa mbele, akasubiri. Tukienda naye anaruka, tukisimama anarudi kutusumbua. Mayu akamwambia kwa sauti, "Haya, tangulia, tunakuja! Sisi hatuna mabawa." Mwisho akanyamaza juu ya mti mkavu wenye tundu, na nyuki walikuwa humo kweli.

Melkior alipomaliza kurina alimwachia masega matupu juu ya gogo. Kumbe hana haja na asali. Anakula nta, na hawezi kulipasua gogo mwenyewe, kwa hiyo anamtafuta mtu.

Mayu alimtazama akila. "Sisi tulipoondolewa, huyu alibaki," alisema. "Miaka yote ile alikuwa anamwita nani?"

Tulitembea mpaka jioni nikiwa na swali hilo.

4 Septemba

Tumefika kambini kwa Melkior alasiri. Kambi yenyewe ni kibanda cha majani, majivu, na mizinga imening'inia kwenye miti pande zote. Nyuma yake kuna minyaa mirefu sana, mirefu kupita paa la kanisa. Melkior alimshusha mama yake kwenye baiskeli.

"Pumzika hapa leo. Kesho nitakuzungusha upande wa juu wa mto, tuitafute hiyo Ntumbila."

Mayu alikuwa anaitazama minyaa.

"Nani aliipanda hii?"

"Hakuna. Imeota tu. Mwaka wa kumi huu nalala hapa naiona."

"Minyaa haijipangi mstari, Melkior."

Akaanza kutembea. Hakutaka kushikwa. Aliipita mmoja mmoja akiigusa, na ilipokata kona naye akakata kona, mpaka akazunguka mahali pa mraba ambapo sisi wawili tulikuwa tumesimama katikati bila kujua tumesimama wapi.

"Huu ni ua wa baba," alisema. "Alichomeka vijiti. Niliuacha uko hapa." Akaweka mkono kiunoni.

Melkior alikaa chini kwenye gogo. Baada ya muda akainuka akaenda kando ya meko yake, akafagia majivu kwa mkono, akasema, "Mama, na hili?"

Lilikuwa jiwe bapa lenye shimo refu katikati, laini kama sahani. Ndipo anaponolea shoka lake. Mayu alipiga magoti, akaweka kiganja chake ndani ya shimo lile akakisukuma mbele na kukivuta nyuma, kama anayesaga mtama.

"Umenoa shoka kwenye jiwe la bibi yako," alisema. Hakusema kwa kumlaumu. Alisema kama mtu anayetambulisha ndugu kwa ndugu.

Kisha akatafuta kaburi. Alianzia kwenye kona ya ua, akahesabu hatua, akasimama, akatikisa kichwa, akarudi akahesabu upya. Mara tatu, mara nne. Hatua zake za leo si zile za mtoto. Na mahali penyewe pamegeuka: kichuguu kikubwa kimeota, tembo wamepitisha njia yao, nyasi zimeungua. Tulitafuta wote watatu, tukiinama, tukigeuza mawe ambayo yalikuwa mawe tu. Jua likaenda chini.

"Sipaoni," alisema Mayu. "Nilidhani nitapajua."

Akakaa palepale alipokuwa, kwenye majani yaliyoungua, akanyoosha miguu mbele kama wanavyokaa wanawake msibani, akaita, "Kalunde! Mayu Kalunde!"

Na akalia. Sijawahi kusikia kilio kama kile, kwa sababu hakikuwa cha mwanamke mzee. Kilikuwa sauti ya msichana wa miaka minane. Melkior alivua kofia. Baadaye aliniambia kwamba jina la bibi yake amelisikia leo kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

5 Septemba

Asubuhi nilimkuta Mayu ameshaoga mtoni, amekaa karibu na jiwe.

"Nyie rudini," alisema. "Mimi nabaki."

Melkior akadhani ni utani. Hakuwa anatania. Alisema maji yapo, asali ipo, na hana haja ya kuhamishwa na lori kama gunia la karanga. Melkior alibembeleza, akapaza sauti, akabembeleza tena. Mwisho aliondoka kwenda kwenye mizinga yake, nikaona mabega yake yanatikisika.

Nikakaa karibu na Mayu. Sikuwa na hoja. Nilisema lile lililokuwa tumboni.

"Mayu, mwisho wa Oktoba mimi namwacha Helena chini ya ule mninga. Sijui mtu anaachaje. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuacha. Wewe ndiye uliyewahi. Ukibaki hapa, nani atanionyesha?"

Mbung'o alitua mkononi kwake, hakumfukuza.

"Na mimi sikujua," alisema. "Niliacha vibaya."

"Basi tuache vizuri, mimi na wewe."

Alinyoosha mkono nimvute, nikamvuta, akasimama. Melkior aliporudi na kutuona tumefunga mizigo, alianza kuifunga kwenye baiskeli. Alitaka na jiwe dogo la juu, la kushika mkononi wakati wa kusaga, tulilolikuta kando ya lile bapa, alifunge hapo pia.

"Liache," alisema Mayu. "Mtu akipita hapa ajue tulikuwa tunakula."

11 Septemba

Nyumbani. Miguu imevimba. Nimelala siku mbili.

29 Septemba

Mayu ana homa. Kichwa kinamuuma na anasinzia mchana. Hakuna aliyelitaja jina la ugonjwa, lakini Melkior ameacha kula, na mimi nimekuwa nikimtazama akitafuna.

1 Oktoba

Tumempeleka kwenye zahanati ya misheni kwa baiskeli. Mganga alitaka kumshika shingo, nyuma. Mayu aliushika mkono wake hewani akauzuia. Nikadhani atampiga. Kisha akaniangalia mimi, akaushusha mkono, akainamisha kichwa mwenyewe. Alifumba macho mpaka vidole vilipoondoka.

Damu imeonyesha malaria. Vidonge vya siku tatu. Nje ya mlango Melkior alicheka mpaka akalazimika kukaa chini.

13 Oktoba

Amepona, anagombana na kuku. Leo ameniita "mwanangu" akiomba chumvi. Nilimpa sukari.

20 Oktoba

Joto. Mawingu yanakuja mchana yanaondoka. Watu wanabomoa milango ili waondoke na mbao.

Jumapili, 27 Oktoba

Lori limekuja saa mbili asubuhi. Katibu kata alikaa mbele na dereva. Kufikia saa nne vyombo vya nyumba tano vilikuwa juu, vyetu vikiwemo: vitanda viwili, mizinga mitatu, vyungu, kinu, kuku ndani ya tenga.

Nilitaka kupanda haraka. Nilikuwa nimejipanga hivyo tangu usiku: nipande, nitazame mbele. Mayu alinishika mkono akanivuta mpaka chini ya mninga, akakaa akanyoosha miguu.

"Kaa."

"Mayu, lori linasubiri."

"Lisubiri. Lia leo. Lia hapa hapa, na umwite jina. Ukiondoka na kilio kitazeeka nawe."

Nikasema siwezi, watu wanatazama. Akaanza yeye. "Helena!" aliita. "Helena wa Marsela!" Ndipo nikashindwa kujizuia. Sikujua kama nilikuwa na maji mengi kiasi kile ndani yangu. Nilimwambia vyote, hata vya kipuuzi: kwamba Kibaoni kuna mpunga, kwamba babu yake anafukuza viboko kwa kupiga debe, kwamba ningempeleka akaone. Melkior alikuja akachuchumaa nyuma yangu. Yeye naye hakuwahi kumlilia. Wakati ule alienda porini siku ya tatu, na mimi sikuwa nimemsamehe. Leo nimemsikia akilia.

Dereva alipiga honi. Katibu akamwambia kitu. Akapiga tena. Katibu akanyoosha mkono, akazima injini mwenyewe, akashuka, akasimama upande wa pili wa lori, ametugeuzia mgongo, mpaka tulipomaliza.

2 Novemba

Nyumba haijaezekwa. Tunalala chini ya turubai pamoja na familia ya jirani. Bomba halijafika, maji tunayafuata mbali. Shule ni nguzo sita. Nimesogeza darasa la kisomo chini ya nguzo hizo. Wamekuja ishirini na watatu.

5 Novemba

Mvua ya kwanza. Turubai limevuja. Nilikaa macho nikifikiria mninga.

Jumapili, 10 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Katibu kata amepita na daftari la kijiji kipya, ameliweka ndani ya mfuko wa nailoni lisilowe. Anaandika kila mtu: jina, umri, kazi, alikotoka. Tulikaa kwenye magogo chini ya turubai. Alimwandika Melkior, kisha akamgeukia Mayu.

"Umri, mama?"

"Andika miaka hamsini na minane."

"Ulikotoka, Kalumbi." Alikuwa ameshaanza kuandika.

"Hapana. Ntumbila."

Kalamu ikasimama. "Mama, hilo jina silijui. Liko wilaya gani?"

"Ugalla, mtoni."

"Huko ni hifadhi. Huko hakukai watu, hakujawahi kukaa watu." Hakusema kwa ukali. Alisema anachokijua, kama nilivyokuwa nikikijua mimi.

Mayu alifungua mdomo, lakini aliyesema ni Melkior.

"Liandike, ndugu. Nimefika. Kuna ua wa minyaa, kuna jiwe la bibi yangu. Jina lake Kalunde."

Katibu alimtazama Melkior, akamtazama Mayu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye turubai karibu na goti lake. "Niambieni herufi zake," alisema.

Nikamtajia mimi, moja moja, naye akaandika. Mayu aliinama juu ya daftari kuona. Hajui kusoma, lakini alilitazama neno lile mpaka katibu akaona aibu kufungua ukurasa mwingine.

"Na wewe, mwalimu?" aliniuliza mwisho. "Ulikotoka?"

Miaka mitatu nimekuwa na jibu la swali hilo, liko tayari mdomoni asubuhi na jioni. Nilifungua mdomo kusema Kibaoni.

"Kalumbi," nikasema.